Mwali Hatoki

Saa kumi na moja. Mafinga haijaamka,
sakitu imetandika shuka juu ya kabichi zangu,
na humu jikoni jiko la vidonge linakohoa.
Mwali upo, sikatai. Lakini ni mwali wa kuombwa:
manjano yaliyochujuka, mrefu, mvivu,
unalamba kioo na kukiachia masizi
kama mgonjwa anayelamba kijiko cha dawa asiyoitaka.

Mwali wa moto na mwali wa ndani
jina moja, tabia moja:
ukimsukuma, anajifungia.

Nampigia Chengula, fundi aliyeliunga.
Yuko Makambako, sauti yake bado ina blanketi.
"Chukua kidonge kimoja. Kivunjie sikioni.
Kimelia, au kimejikunja?"
Kimelia: ta!
"Basi si unyevu. Usimtukane muuza vidonge wa Kinyanambo."
(Nilikuwa nimeshamtukana. Kimoyomoyo, na ukoo wake wote.)

"Zima. Subiri lipoe."
Kungoja jiko lipoe na wewe mwenyewe umeganda
ni kazi isiyo na mshahara.
Tulalumba amevaa sweta mbili na soksi mikononi,
anauliza kama shule nayo imezimika.

Nakitoa kikombe cha moto. Chini kina matundu,
au kilikuwa nayo: majivu yameyeyuka yakawa gae
jeusi, gumu. Nalibandua kwa bisibisi,
natoboa tundu moja moja kwa msumari wa inchi tatu.
Ishirini na nne. Nimehesabu.
Nawasha. Mwali unachungulia,
unatuona,
unarudi.

"Mlango," anasema Chengula. "Una noti?"
Naibana elfu mbili mlangoni, navuta.
Haichomoki. Mkanda ni mzima.
Navuta tena, kwa hasira sasa,
na kona ya noti inabaki huko huko.

Dohani niliisugua Jumapili. Feni inaimba. Sola ina chaji.
Kila kitu kizima, na uji ni mbichi.

Mama mkwe yuko kwenye kigoda tangu tuanze.
Ametoka Makete juzi. Kwake jiko ni mafiga matatu;
hili letu lenye waya amelisalimia mara moja tu.
Sasa anainuka, anazunguka nyuma,
anaweka kiganja kwenye bomba asilolijua jina.
"Hapa," anasema, "halivuti pumzi.
Mnalilisha tu. Mnalilisha tu.
Nani anakula huku kabanwa pua?"

Tochi. Ndani ya bomba, udongo
uliofinyangwa laini, vyumba vitano vimepangana:
kazi ya nyigu, aliyehamia siku za joto
sisi tukidhani jiko limelala.
Kila chumba kimejaa buibui wadogo, wamelegea, hawajafa,
akiba ya mtoto ambaye hajazaliwa.
Nasita, waya mkononi.
Naye alitaka tu pa kulelea, penye mlango mwembamba.

Mama mkwe hasiti. Ananinyang'anya waya.

Alipouchomoa tukalisikia,
fuuu,
pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka majini.
Mwali ukasimama. Mfupi, mweupe penye shina,
wenye haraka, ukitikisa kichwa kama jogoo.
Mwali akitoka hushangiliwa:
Tulalumba akapiga kigelegele, soksi mdomoni.

Simu tuliisahau juu ya gunia.
Chengula alibaki huko Makambako akisikiliza
uji ukitokota, mwiko ukigonga sufuria,
mpaka vocha yangu ikaisha.

Vyumba vitano viko dirishani. Sijavitupa.
Noti nimeipeleka kwa Mwalongo kununua sukari.
Ameigeuza, ameinusa,
ameniuliza kona yake imekwenda wapi.